Vepu ya tangi: Dozi anapima nani?



Ndugu msomaji, safari hii safu yetu ya afya na usafi inazungumzia kitu ambacho wazazi wengi wanakiona mikononi mwa vijana bila ya kujua jina lake wala kazi yake. Ni kifaa cha kuvutia mvuke. Vijana wa mjini wanakiita vepu, na wapo wanaokiita shisha ya umeme. Aina zake ni nyingi. Kipo kilicho chembamba kama kalamu, ambacho kikiisha kinatupwa. Lakini tunachotaka kukipima leo ni kile kikubwa, chenye umbo la kiboksi, chenye vitufe na kioo cha namba, na juu yake kimefungwa tangi dogo la kioo linalojazwa majimaji yenye harufu ya embe, nanasi au mnanaa.

Wauzaji wa kifaa hiki wanakisifu kwa jambo moja hasa: kwamba mwenyewe unajipangia. Unachagua nguvu ya moto, unachagua ladha, unachagua kiasi cha nikotini, unabadilisha koili, unabadilisha tangi, mpaka upate mvuke unaoutaka. Na kijana akiulizwa na mama yake, jibu lake huwa fupi: "Mama, huu ni mvuke tu, si sigara."

Sifa hiyo ya kujipangia ndiyo tunayoitilia shaka. Nikotini ni dawa yenye kulevya na yenye sumu. Dawa ya namna hiyo inatakiwa ipimwe na mtu anayejua kupima, na kifaa cha kuitolea kikaguliwe na mtu anayejua kukagua. Katika vepu ya tangi kazi yote hiyo ameachiwa kijana na kidole gumba chake. Akikosea, hasara haimfikii yeye peke yake, inawafikia mtoto anayetambaa sakafuni na abiria waliokaa naye ndani ya boti.

Huenda msomaji wetu wa Kiongoroni akasema kwamba hayo ni mambo ya Dar es Salaam. Kweli, yanaanzia huko. Lakini kifaa hiki kinaingia mfukoni, na vijana wa delta ya Rufiji wanakwenda mjini kutafuta riziki na wanarudi nyumbani kwa sikukuu. Anayeshuka kwenye boti iliyotoka Nyamisati anaweza kuwa nacho, na hakuna atakayejua. Na kama tutakavyoona, mazingira ya visiwa na mikoko yanaifanya hatari ya kifaa hiki kuwa kubwa zaidi kuliko ilivyo mjini.

KIFAA CHENYEWE

Sigara ya kielektroniki ya namna tunayoijua leo ilibuniwa nchini China mwaka 2003 na mfamasia aitwaye Hon Lik. Ndani ya kiboksi mna betri moja, mbili au zaidi. Betri inapeleka umeme kwenye koili, yaani waya uliosokotwa ambao unapata moto. Katikati ya waya mna pamba iliyolowa majimaji kutoka kwenye tangi. Mtu akibonyeza kitufe na kuvuta, waya unapata moto, majimaji yanageuka kuwa ukungu, naye anauvuta ukungu ule hadi mapafuni.

Majimaji yenyewe yana vitu vinne: glisirini, propilini glaikoli, viungo vya ladha na nikotini. Glisirini na propilini glaikoli hutumika katika baadhi ya vyakula na dawa, na hapo ndipo wauzaji wanaposimamia hoja yao kwamba hakuna ubaya. Lakini, ndugu msomaji, kitu kilichoruhusiwa kuingia tumboni si lazima kiwe salama kuingia mapafuni. Unga wa mahindi ni chakula, na hakuna mwenye akili atakayeuvuta kwa pua. Tumbo limeumbwa kupokea na kusaga. Mapafu yameumbwa kupokea hewa.

KIASI CHA NIKOTINI

Tuanze na hesabu. Chupa za majimaji haya huandikwa kiasi cha nikotini kwa kila mililita moja. Zipo zenye miligramu 3, zipo za 6, za 12 na za 18. Zipo pia zenye nikotini ya chumvi zinazofikia miligramu 50 kwa mililita. Mvutaji wa sigara ya kawaida hupata mwilini kadiri ya miligramu 1 hadi 2 kutoka katika kila sigara.

Sasa chukua tangi la mililita 4. Likijazwa majimaji ya miligramu 3, ndani yake mna miligramu 12 za nikotini. Tangi lile lile likijazwa majimaji ya miligramu 50, ndani yake mna miligramu 200. Kwa macho hutaona tofauti. Rangi inaweza kuwa moja na harufu moja, na tangi ni lile lile. Tofauti yote imo katika maandishi madogo kwenye chupa, na maandishi hayo mara nyingi yako katika lugha ambayo mnunuzi haisomi vizuri.

Isitoshe, majimaji ya miligramu 50 yametengenezwa kwa ajili ya vifaa vidogo vyenye nguvu kidogo, ambavyo hutoa mvuke kidogo kwa kila pumzi. Kijana akiyatia katika tangi kubwa lenye koili kali, kila pumzi inabeba mvuke mwingi na nikotini nyingi. Kizunguzungu, kutapika, kutokwa jasho la baridi na moyo kwenda mbio ndizo dalili za mtu aliyezidisha. Nchi za Umoja wa Ulaya zililiona jambo hili na kuliwekea mipaka. Kwa kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2016, majimaji hayaruhusiwi kuzidi miligramu 20 kwa mililita, tangi lisizidi mililita 2, na chupa isizidi mililita 10. Yaani wenzetu wenye maabara na wakaguzi hawakumwachia mvutaji ajipangie kila kitu. Je, sisi tumwachie?

MOTO WA KOILI

Kitufe cha pili ni cha nguvu ya moto. Nguvu hupimwa kwa wati. Taa ndogo ya sola inayotumulikia usiku inaweza kuwa ya wati 5. Betri moja iliyojaa ina volti 4.2. Ikipeleka umeme moja kwa moja kwenye koili yenye ukinzani wa omu 1, nguvu inayopatikana ni takriban wati 18. Koili hiyo ikibadilishwa na kuwekwa ya omu 0.2, nguvu inapanda hadi wati 88. Kijana amebadilisha kipande cha waya tu, na moto umeongezeka mara tano.

Kuna ubaya gani moto ukiongezeka? Januari 2015 jarida la tiba la New England la Marekani lilichapisha barua ya watafiti waliopima mvuke wa kifaa chenye kubadilishwa nguvu. Kwa volti 3.3 hawakukuta kemikali za jamii ya formaldehaidi. Kwa volti 5 wakazikuta. Majimaji yalikuwa yale yale, kilichobadilika ni kipimo cha umeme tu. Formaldehaidi ni kemikali inayojulikana kusababisha saratani. Ni haki tuseme pia kwamba wataalamu wengine waliupinga utafiti huo, wakisema kwa moto ule pamba hukauka na mvuke huwa mchungu kiasi kwamba mvutaji mwenyewe angeuacha. Hoja hiyo tunaipokea. Lakini maana yake ni kwamba kinga aliyobaki nayo mvutaji ni ulimi wake. Na ulimi ambao umepakwa ladha ya embe na mnanaa ni kipimo dhaifu.

Kuna na suala la madini. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichukua vifaa vya watu 56 wanaovuta kila siku, na vilikuwa vya aina hii hii ya tangi. Walipima majimaji yakiwa bado kwenye chupa, kisha wakapima mvuke uliotoka baada ya kupita kwenye koili. Katika mvuke walikuta risasi, nikeli na kromi kwa kiasi kikubwa kuliko yaliyokuwamo kwenye chupa. Madini hayo yalitoka kwenye koili yenyewe. Kwa hiyo hata mtu anayenunua majimaji ya bei ghali na kusoma kila neno la kibandiko, hawezi kujua anavuta nini, kwa kuwa sehemu ya sumu inatengenezwa ndani ya kifaa chake.

Ladha nazo zina habari yake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walipima vifaa na majimaji ya ladha 51 wakakuta kemikali iitwayo diasetili katika 39 kati ya hizo. Diasetili ndiyo inayotia chakula harufu ya siagi. Ukiila haidhuru. Lakini wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha bisi kule Missouri, Marekani, waliokuwa wakiivuta hewani kazini, waligundulika mwaka 2000 kuwa na ugonjwa mbaya wa kuziba kwa vijia vya hewa mapafuni, ugonjwa usiopona.

BETRI NA BOTI

Betri inayotumika sana katika viboksi hivi ni ile ya duara, yenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Wengi wenu mnaijua. Ndiyo inayopatikana katika tochi za kuchaji na katika betri za kompyuta za mkononi zilizokufa, ambazo mafundi huzifungua na kuuza vilivyomo. Hapo ndipo penye hatari. Betri ya tochi au ya kompyuta imetengenezwa kutoa umeme kidogo kidogo kwa muda mrefu. Koili ya omu 0.2 inadai umeme mwingi kwa mara moja, ampea 21 hivi. Betri isiyo na uwezo huo inapata moto, inavimba, na inaweza kulipuka. Na usidanganywe na namba kubwa zilizochapwa juu ya ganda. Betri za kweli za ukubwa huo nyingi hazizidi takriban miliampea 3,500 kwa saa. Ukiona imeandikwa 9,000, jua umeuziwa wino.

Kifaa kizuri huwa na saketi ya ulinzi inayokata umeme mambo yakiharibika. Lakini kipo cha aina nyingine ambacho ni bomba tupu lenye betri, koili na kitufe, bila ya ulinzi wowote. Marekani mtu mmoja aliuawa na mlipuko wa kifaa cha mvuke katika jimbo la Florida mwaka 2018, na mwingine Texas mwaka 2019. Na mwaka 2015 shirika la kimataifa la usafiri wa anga lilipiga marufuku kuweka vifaa hivi katika mizigo inayoingia tumboni mwa ndege, kwa kuwa vinaweza kujiwasha vyenyewe na kuanzisha moto mahali ambapo hakuna wa kuuona.

Sasa tafakari, ewe msafiri wa delta. Unapanda boti ya mashine yenye madumu ya petroli. Watu wamebanana na mizigo, kina mama na watoto katikati. Kijana ana kiboksi mfukoni, na betri nyingine ya akiba imechanganyika na sarafu na funguo. Sarafu ikigusa ncha mbili za betri kwa pamoja, umeme unapita na moto unawaka. Ndege imekataza kifaa hicho kukaa mahali kisipoonekana. Sisi tunakiacha kikae kando ya dumu la petroli katikati ya mto!

CHUPA NA MTOTO

Ndugu mzazi, hapa ndipo penye uzito kuliko pote.

Nikotini haiingii mwilini kwa kuvutwa tu. Inaingia kwa kunywewa, na inaingia hata kwa kupita kwenye ngozi. Katika nchi zinazolima tumbaku wanajulikana wavunaji wanaopata kichefuchefu na kizunguzungu kwa kushika majani mabichi yaliyolowa umande. Majimaji ya vepu ni nikotini iliyokwisha kukamuliwa kutoka kwenye jani na kutiwa harufu ya tunda na utamu. Kumtegea mtoto mtego mbaya kuliko huo ni vigumu.

Desemba 2014, katika mji mdogo wa Fort Plain, jimbo la New York, mtoto wa mwaka mmoja alikufa baada ya kunywa majimaji ya nikotini. Januari 2016 Marekani ikapitisha sheria kwamba kila chupa ya nikotini iwe na kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua. Lakini kifuniko cha chupa hakilindi tangi. Tangi hufunguliwa kila siku kujazwa, linavuja, na linaachwa juu ya meza au chini ya mto wa kulalia. Na katika nyumba zetu watu hupenda kumimina vitu katika vichupa vingine, vya dawa ya macho au vya manukato. Majimaji ya vepu yakishaingia humo, hakuna tena maandishi ya kumwonya mtu.

Mtoto aliyekunywa ataanza kutapika, kutokwa na mate mengi, kutoka jasho na kupauka. Atatetemeka. Hali ikizidi atapata degedege, na pumzi zitapungua. Haya yanaweza kutokea katika muda wa dakika chache. Mjini mama atakodi bodaboda hadi hospitali. Kiongoroni je? Safari ya kwenda nchi kavu ni ya maji. Inataka boti, inataka mafuta, na inamngojea mwenye boti na maji yajae. Ukiwa maji yamekupwa na mikondo ya mikoko imekauka, huendi. Sumu inayohesabiwa kwa dakika na safari inayohesabiwa kwa saa haziendi pamoja. Hii ndiyo sababu tuliyosema kwamba kifaa hiki hatari yake delta ni kubwa kuliko mjini, ijapokuwa wavutaji wake huko ni wachache.

Ikitokea, Allah atuepushe, fanya hivi. Mtoe mtoto majimaji yaliyobaki mdomoni na umsukutue kwa maji safi. Usimtapishe kwa nguvu. Usimnyweshe maziwa, mafuta wala dawa za miti. Ikiwa yamemwagikia ngozi, mvue nguo na umwoshe kwa maji mengi na sabuni. Akilegea, mlaze kwa ubavu ili matapishi yasimzibe pumzi. Anza safari mara moja, usingoje dalili zizidi, na piteni zahanati iliyo karibu kwanza. Chukua ile chupa uende nayo, ili mganga asome kilichoandikwa.

JE, HAINA FAIDA YOYOTE?

Uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Vepu si sawa na sigara kwa kila hali. Katika sigara tumbaku inaungua, na kuungua huko kunatoa lami, hewa ya kaboni monoksaidi na maelfu ya kemikali. Katika vepu hakuna kuungua huko. Chuo cha Kifalme cha Matabibu cha Uingereza kilisema mwaka 2016 kwamba, kwa kadiri kinavyoona, madhara yake ya muda mrefu hayaelekei kuzidi asilimia 5 ya madhara ya sigara. Na mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uliofanywa huko huko Uingereza kwa wavutaji 886 waliotaka kuacha sigara. Baada ya mwaka mmoja, waliofanikiwa kwa kutumia vepu za kujazwa walikuwa asilimia 18, na waliofanikiwa kwa vibandiko na dawa nyingine za nikotini walikuwa asilimia 9.9.

Basi mtu mzima aliyevuta sigara miaka 20, akashindwa kuacha kila alipojaribu, akahamia vepu moja kwa moja na kuiacha sigara kabisa, hatuwezi kumwambia kwamba amefanya kosa lile lile. Amepunguza. Lakini soma utafiti ule hadi mwisho. Miongoni mwa walioacha sigara kwa vepu, asilimia 80 walikuwa bado wanavuta vepu mwaka ulipotimia. Waliotumia vibandiko na dawa, waliobaki nazo walikuwa asilimia 9. Sigara imeondoka, nikotini imebaki. Na watu wale walikuwa wavutaji wazima, wakisaidiwa na washauri wa afya, katika nchi yenye kanuni za chupa na tangi tulizozitaja. Kijana wa miaka 17 ambaye hajawahi kugusa sigara, anayeanza na vepu ya embe kwa sababu wenzake wanayo, hayumo katika utafiti ule. Yeye hapunguzi kitu. Anaanza.

Tena tusisahau yaliyotokea Marekani mwaka 2019. Watu wengi walilazwa kwa ugonjwa wa mapafu baada ya kuvuta mvuke. Hadi tarehe 18 Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 2,807, na 68 kati yao walifariki. Uchunguzi uliielekea zaidi asitati ya vitamini E, mafuta yaliyochanganywa katika majimaji yenye dawa ya bangi, mengi yakiwa yamenunuliwa mitaani. Vitamini E ni kirutubisho kinachouzwa dukani. Ilipofika mapafuni ikaua. Na wale waliovuta walidhani wanajua kilichomo katika tangi.

UPANDE WA DINI

Wanazuoni wa zamani walihitilafiana juu ya tumbaku. Wapo walioiweka katika makuruhu na wapo walioiharamisha, na ndugu zetu Maibadhi wanajulikana kwa kuishikilia hukumu ya uharamu. Wengi wa wanazuoni wa zama hizi wameiharamisha baada ya madaktari kuthibitisha madhara yake. Hoja zao zinajulikana: Allah (s.w.) ametukataza kujitia katika maangamizo (2:195) na amekemea ubadhirifu wa mali (17:26-27), na Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba Muislamu asijidhuru wala asimdhuru mwenziwe. Hatuoni ni kwa njia gani hoja hizo zitavuka salama juu ya vepu. Fat'wa tunawaachia masheikh. Sisi tumewaletea habari za mwili ili wahukumu wakiwa nazo.

Kuhusu swaumu, kijana asijidanganye kwa neno "mvuke tu". Ukungu ule una matone ya glisirini, ladha na nikotini yanayopita kooni kwa makusudi ya mvutaji. Si sawa na mtu aliyepitiwa na moshi wa jikoni bila ya kutaka. Kadhalika muulizeni sheikh wenu juu ya majimaji yenyewe, kwani glisirini inaweza kutoka kwenye mimea au kwenye mafuta ya wanyama, na baadhi ya ladha huyeyushwa kwa pombe. Chupa nyingi haziandiki.

Na Mtume (s.a.w.) alimtaka aliyekula kitunguu saumu kibichi ajitenge na msikiti ili asiwaudhi wenziwe. Ikiwa hivyo ndivyo adabu ya kitunguu, chakula cha halali, itakuwaje kwa mwenye kupuliza wingu la nanasi chumbani alimolala mkewe mjamzito na mtoto mchanga ndani ya chandarua kimoja? Nikotini inamdhuru mtoto aliye tumboni, na ukungu ule unatua juu ya nguo, mikeka na misala.

TUFANYE NINI

Nchi yetu ina Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003, inayokataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18. Iliandikwa mwaka ule ule ambao kifaa hiki kilibuniwa, kabla hakijafika katika masoko ya dunia. Mwaka 2016 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza marufuku ya shisha. Uganda kwa sheria yake ya mwaka 2015 ilikataza sigara za kielektroniki pamoja na shisha. Oman, ambako wengi wetu tuna ndugu, ilipiga marufuku kuziuza mwaka 2015, wakati Umoja wa Falme za Kiarabu uliruhusu biashara hiyo mwaka 2019 kwa masharti. Na Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilizitaka serikali zichukue hatua za haraka kuwalinda watoto. Serikali zina kazi yao. Nyumba nazo zina yao, na hizi haziko mbali na uwezo wetu:

Kwanza, mzazi, kijue kifaa. Kiboksi chenye kioo cha namba na tangi juu si redio wala si chaja ya simu. Ukikikuta, usianze kwa kipigo. Muulize mwanao ameanza lini, na muulize akikaa nusu siku bila ya kuvuta anajisikiaje. Akijibu kwamba anakuwa na hasira, kichwa kinamuuma na hawezi kutulia, huyo ameshashikwa na nikotini. Anahitaji msaada wako na wa mganga.

Pili, ikiwa ndani ya nyumba yumo mtu mzima anayeitumia ili aache sigara, basi chupa na tangi zikae ndani ya sanduku lenye kufuli, juu, mbali na dawa na manukato. Asijaze mbele ya watoto. Yakimwagika afute mara moja na anawe kwa sabuni. Asivutie ndani. Asitumie betri za tochi. Na ajiwekee siku ya kumaliza, ashuke kutoka miligramu 12 hadi 6, hadi 3, hadi aache. Kama kweli kifaa kinamruhusu kujipangia, basi ajipangie kutoka.

Tatu, wenye boti na manahodha wakataze kifaa hiki karibu na mafuta, na betri za akiba zifungwe kila moja peke yake katika mfuko wa nailoni.

Nne, wenye maduka Waislamu wasikilete. Riziki ni pana.

Tano, maimamu na walimu wa madrasa walizungumze kwa majina yake, kabla ya msimu wa vijana kurudi kwa Idd. Kijana akisikia "msivute sigara" peke yake, atasema yeye havuti sigara.

Ndugu msomaji, mwili ni amana, na mtoto ni amana kubwa zaidi. Tulipokwenda kununua panadoli tu, tulitaka kujua ametengeneza nani na ameze mangapi. Kijana akikuonyesha kiboksi chake na kukuambia kwamba kila kitu anajipangia mwenyewe, muulize swali moja kwa upole: kilichomo ndani ya tangi hilo amekipima nani? Akikosa jibu, mwambie akiweke chini kwanza, mpaka alipate.

Wabillahi tawfiiq.